Nguruwe wa Kwenye Ngao

Mimi huchora mabango. Sijiiti msanii, maana wasanii ninaowajua wana nywele nyingi na kazi chache. Nembo ya shule, bendera ya kwaya, samaki ukutani kwa muuza samaki, yote ni mkono wangu. Ukipita mjini Lushoto ukaona simba amechorwa mpaka unasogea pembeni, jua ni wa Loyce. Ukiona simba anayefanana na mbwa mwenye mafua, huyo ni wa mtu mwingine, usije ukanisingizia.

Kwa hiyo simu ya mzee mmoja haikunishangaza. Alisema anaitwa Nathanaeli, anakaa juu ya Magamba, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Alikuwa na nembo ya ukoo wake iliyopauka, akataka irudishiwe rangi. Rangi anayo mwenyewe, nije na brashi na wino mweusi tu. Kisha akasisitiza jambo moja.

"Usije peke yako, mwanangu. Huku giza huingia mapema. Njoo na mtu wako wa karibu, akurudishe salama."

Nikasema moyoni, kumbe wazee wenye adabu hawajaisha.

Mtu wangu wa karibu ni mmoja tu. Alen, mdogo wangu, dereva wa bodaboda. Mama alituacha Alen akiwa bado anakojoa kitandani, na baba hakukawia kumfuata. Nimemlea kwa mkono huu huu unaochora. Nimempiga, nimemsomesha, nimemnyang'anya sigara mdomoni. Kama kuna kitu duniani nisichoweza kukitoa, ni huyo mtoto, na sasa ana ndevu.

Tulipanda jua likishuka. Ukungu ulikuwa umeshaanza kutambaa kwenye mashamba ya kabichi, na ile baridi ya Magamba ikaniingia mpaka kwenye fizi. Karibu na mwisho wa barabara tulimkuta mwanamume anafunga magunia ya karoti, mkewe kakaa mlangoni anapukuchua maharage. Athumani na Mwanaidi. Walitusalimia Kishambaa, Alen akaitikia Kishambaa, mara wakawa wanataniana kana kwamba wamekunywa uji bakuli moja. Athumani alisema pikipiki ile inakohoa, ipelekwe zahanati. Mwanaidi akatupa mapeasi, akatuelekeza njia. Mzee Nathanaeli ni jirani mpole, alisema, ila hapokei wageni. Nyumba yake ilionekana kutoka pale, juu ya mteremko, imebanana na msitu.

Ilikuwa nyumba ya mawe, ya enzi za Wajerumani, bati limeota kutu. Mzee alikuwa amesimama kizingitini, amevaa koti la sufu lililofungwa vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

Nikamwambia ni mdogo wangu. Akamtazama Alen kwa muda, kuanzia miguuni kwenda juu, kama watu wanavyotazama mbuzi mnadani. Akasema kijana abaki nje alinde chombo chake, ndani ni padogo. Alen akacheka, akakaa juu ya pikipiki chini ya mwerezi, akatoa peasi mfukoni.

Ndani palinuka moshi, ngozi, na kitu kingine. Udongo mbichi uliofukuliwa. Meza ilikuwa moja, taa ya chemli moja, na juu ya meza palikuwa na kitabu.

Niseme ukweli, nilisahau baridi. Kilikuwa kikubwa, jalada la ngozi ya mnyama, karatasi nene zilizoliwa pembeni. Mzee alisema kilichapwa Ulaya karne nyingi nyuma, enzi za mwanzo za uchapaji, kila picha ikichongwa kwanza kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, ukagandamizwa. Mimi huchapa fulana za shule, najua kazi ya kugandamiza. Lakini mistari ile! Kila ukurasa ulikuwa na ngao, na juu ya ngao kofia ya chuma, na ndani ya ngao kuna kitu. Simba aliyetoa ulimi. Tai mwenye vichwa viwili. Mkono uliokatwa kwenye kiwiko, bado umeshika upanga. Kichwa cha mtu, kidevu juu, shingo inadondosha. Kila ukoo wa wakubwa wa huko ulikuwa na ngao yake, na karibu kila ngao ilikuwa na kitu kinachoua au kilichouawa.

"Hawa walijua," mzee alisema. "Ukoo haukai kwa upole."

Nikaona ngao nyingine zimechorwa kichwa chini. Simba chali, tai chali. Nikauliza kama mchapaji alikosea.

"Hakukosea. Ukoo ulioisha. Akifa mtu wa mwisho, ngao yake hupinduliwa."

Baada ya hapo zikaja kurasa zenye ngao tupu. Mzee alinieleza kwamba wachapaji wa zamani walifanya hivyo makusudi: waliacha ngao wazi ili mwenye kitabu achore ya kwake. Babu yake alikuwa mtumishi katika nyumba hii hii. Mjerumani alipokimbia vita aliacha sahani, viti na kitabu. Babu akakifungua, akaona kila mzungu ana mnyama wake, naye akauliza: na mimi je? Akachukua wino, akachora kwenye ngao tupu mnyama anayewatesa watu wa milima hii kila msimu wa mahindi.

Nguruwe pori. Amesimama kwa ubavu, jicho moja, nywele za mgongo zimesimama. Yule babu hakuwa na mwalimu, lakini alikuwa na mkono, na alikuwa ameiga mistari ya wachongaji mpaka usingejua ipi ni ya mbao na ipi ni yake. Wino ulikuwa umekufa, umekuwa rangi ya majivu. Meno hayakuonekana kabisa.

Mzee akaniambia kanuni ya kitabu. Mwili wa mnyama ni rangi moja, lakini silaha zake, yaani meno, ulimi na kwato, hupakwa rangi nyingine. Akanionyesha vijiherufi vidogo mno ndani ya kila ngao, alama za kumwelekeza mpakaji rangi. "Mnyama asiye na silaha ni picha tu," alisema. Na alipocheka niliona fizi zake. Nyeupe. Meno yalikuwa yamebaki mawili, na kucha za vidole vyake zilikuwa laini, zimepauka, zimejikunja kama karatasi iliyolowa.

Akaniwekea kikombe cha bati chenye rangi nyekundu. Nzito, ya udongo. Akatoka kwenda kuongeza kuni.

Hapo ndipo alipoingia yule mwanamke. Sikujua kuna mtu mwingine ndani. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, amejifunga kanga mbili, ameleta chai. Aliinama kama anatafuta pa kuweka kikombe, akanong'ona bila kusogeza midomo.

"Meno usimalize."

"Kwa nini, dada?"

"Umekuja na nani?"

"Na mdogo wangu."

Akafumba macho.

"Mimi nilipokuja kuchora, nilikuja na mume wangu."

Hatua za mzee zikasikika. Akanyooka, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba chai haina sukari, nimsamehe. Mzee akamwita Filomena, akamwambia akalete maji.

Mtu mwenye akili angeinuka pale pale. Nami nilifikiria kuinuka. Lakini nilijiambia huyu ni mjane, huzuni imemchanganya, na mzee wa watu ana subira kukaa naye. Halafu kuna kiburi changu. Kazi ya mkono wangu haijawahi kutoka nusu. Nilikwishapaka mwili kwa wino wangu mweusi, nikafuata kila mstari, na yule nguruwe alikuwa amejaa, amevimba, anapendeza mpaka nikatabasamu. Nikahamia kwenye nyekundu. Kwato. Ulimi. Yakabaki meno, na meno yanataka ncha kali.

Nikanoa brashi kwa ulimi.

Ni mazoea yangu. Fundi aliyenifundisha alinipiga makofi kwa ajili yake na hayakusaidia. Brashi ikichanua, unaipitisha midomoni, inachongoka, unaendelea. Siku nzima nakula rangi. Lakini ile haikuwa na ladha ya rangi. Ilikuwa na chumvi, na chuma...

Nikageuka. Mzee alikuwa ananitazama mdomo. Mkono wa koti ulikuwa umepanda kidogo, na nikaona kitambaa kimefungwa kwenye kifundo, kimelowa.

"Hiyo ni rangi gani, mzee?"

"Malizia, mwanangu. Limebaki jino moja."

Nataka mnielewe. Mkono ulikuwa umeshashuka. Sikuuamuru. Ncha ikagusa karatasi, ikapanda, ikapinda, ikaishia pale jino linapoishia.



Wadudu wa msituni walinyamaza.

Kisha harufu ya udongo mbichi ikapanda mpaka nikakohoa. Nikatazama kitabu. Ngao ilikuwa nyeupe. Hakuna nguruwe. Hakuna tone la wino. Karatasi safi, kama ilivyotoka kwa mchapaji.

Nje, chuma kikagonga mawe.

Alen akapiga kelele.

Nimewahi kumsikia Alen akilia. Alipovunjika mkono, alipozikwa mama. Sikuwahi kuisikia sauti ile. Niliangusha kiti, nikapita mlangoni, nikaona pikipiki imelala, taa yake inamulika matawi, na Alen yuko chini yake. Na juu yake kulikuwa na kitu.

Kilikuwa na ukubwa wa ndama. Kilikuwa cheusi, lakini hakikuwa na manyoya. Kilikuwa na mistari. Mistari ya kuchongwa, iliyopangwa, ikifunguka na kufunga kila kilipohema, na katikati ya mstari na mstari niliona ukungu ukipita. Nikakimbilia upande wa kichwa chake, na bado nilimwona kwa ubavu. Nikazunguka. Ubavu. Jicho lile lile moja. Kila niliposimama, nguruwe alikuwa amechorwa kwa ubavu, na meno yake mekundu hayajakauka.

Aliingiza jino kwenye paja la Alen, akalivuta kwenda juu. Nyama ilifunguka. Niliona nyeupe ndani, kisha damu ikafunika.

Palikuwa na jembe limeegemea ukuta. Nikalishika kwa mikono miwili, nikampiga mgongoni. Nikapiga tena. Kipini kilivunjika, vipande vikanichana kiganja. Nguruwe akageuka. Akanijia mpaka pua yake ikagusa midomo yangu, akanusa, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya karatasi iliyokaa sandukuni. Nikangoja jino.

Akanipita. Alinisukuma kwa bega, polepole, jinsi ng'ombe anavyomsogeza mtoto anayemzuia njiani. Akarudi kwa Alen.

"Hakugusi," mzee alisema nyuma yangu. "Umeshalamba. Wazee wetu walichanjiana chale, wakalambana damu, wakawa ndugu, na ndugu wa chale hauawi. Nilikuona sokoni ukichora bendera ya shule, nikaona unavyonoa brashi. Nikasema, huyu ataingia kwetu bila kusumbuana."

"Muite arudi."

"Harudi na njaa. Mchoraji ni wetu. Mtu anayekuja naye ni wa nguruwe. Imekuwa hivyo siku zote."

Nikamrukia. Alikuwa mzee, lakini tayari hakuwa mzee yule yule. Alinikamata nywele kwa vidole vyenye kucha ngumu, akanipiga kichwa kwenye mwimo wa mlango mpaka nikaona giza. Nikamng'ata mkono. Nikang'ata pale pale kwenye kitambaa, nikasikia kitu kimekatika, naye hakuniachia. Alen alikuwa ananiita. Dada. Dada. Hakuwa anapiga kelele tena, alikuwa anaita tu, sauti imepungua.

Filomena akatoka na kile kikombe cha bati.

"Mpe alambe," alisema. Hakunong'ona sasa. "Mpe na yeye alambe. Mimi sikujua. Mume wangu alikufa mimi sijui."

Mzee akaniachia, akamfuata. Alinyakua fimbo iliyoegemea mlango, akampiga usoni, nikasikia mfupa. Filomena alianguka, lakini kikombe alikiweka chini kwanza, taratibu, kama mtu anayetua mtungi. Nikakichukua. Nikaingia chini ya tumbo la yule nguruwe, mistari ikinikwaruza mgongo kama mabua makavu, nikamfungua mdogo wangu mdomo kwa vidole.

"Meza."

Akatikisa kichwa. Mdomo wake ulijaa damu yake mwenyewe.

"Alen. Meza."

Nikamziba pua kama nilivyomziba enzi za dawa ya minyoo. Akameza.

Jino lilikuwa shingoni kwake. Lilikuwa limeshagusa ngozi. Likasimama pale, nikaliona likitetemeka, kisha likaondoka. Nguruwe akamnusa Alen mdomo, akaninusa mimi, akamnusa Filomena pale chini. Akazunguka uwanja mzima akinusa. Sote tulikuwa wa kwao.

Mzee alikuwa ameketi kizingitini, mkono unavuja, anahema. Hakuonekana na hasira tena. Alionekana kama mtu aliyekuta mtoto kamwaga maziwa.

"Mmemnyima," alisema. "Basi atakwenda kutafuta."

Nguruwe akatazama chini ya mteremko. Huko kulikuwa na dirisha moja lenye mwanga.

Nilijua ni dirisha la nani. Peasi la Mwanaidi lilikuwa chini, limekanyagwa, karibu na mguu wangu. Nguruwe akaanza kushuka, hakukimbia, alikwenda tu, na mimi nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa milima hii angefanya. Nilipiga yowe. Niliweka mikono mdomoni nikapiga yowe la hatari, lile refu, mara kwa mara, nikaita jina la Athumani, nikamwambia afunge mlango.

Lakini yowe, huku kwetu, halimwambii mtu afunge mlango. Yowe linamwambia atoke. Hata mtoto anajua. Ukisikia yowe la jirani unaacha ugali mezani, unachukua panga, unakimbilia linakotoka. Asiyetoka, siku yake ikifika hatotokewa na mtu. Na ukungu ulikula maneno yangu yote, ukamfikishia Athumani sauti peke yake.

Mlango ukafunguka. Nikaona tochi.

Nikapiga kelele arudi. Tochi ikaanza kupanda mbio kuelekea kwangu. Alijibu, nilimsikia, akisema tunakuja, tunakuja, kana kwamba wako wengi, ili anayetushambulia aogope. Alikuwa peke yake. Mbwa wake walitangulia wakibweka. Mmoja akakatika katikati ya kubweka. Wa pili akalia kidogo, akakatika.

Tochi ikaruka juu. Ikazunguka hewani, ikamulika kabichi, ikamulika anga, ikaanguka.

Alichukua muda kufa. Nitasema hivyo tu. Nilikuwa nimemkalia Alen pajani kwa uzito wangu wote kuzuia damu, nimemfunga kwa kanga ya Filomena, sikuweza kuinuka, na masikio hayana kifuniko. Mwanaidi naye alianza kupiga yowe lake, na milango mingine ikafunguka mbali huko chini, na watu wengi wakaja na mienge. Lakini kufikia hapo kazi ilikuwa imekwisha. Kitu kizito kikapanda tena mteremko, kikapita karibu yangu kikitafuna, kikaingia ndani ya nyumba kupitia mlango ambao ng'ombe hapiti. Nikasikia kitabu kikifungwa.

Waliotukuta waliona pikipiki imevunjika, kijana amechanwa paja, mzee amejeruhiwa mkono, mwanamke amepasuka shavu, na shambani mtu ambaye ilibidi wamkusanye kwenye shuka. Nguruwe pori, wakasema wote. Afisa wa wanyamapori alikuja, akapima kwato kwenye udongo, akakuna kichwa. Alisema nguruwe wa ukubwa ule hajawahi kumwona, labda alikuwa na kichaa. Nilijaribu kumwambia habari za kitabu. Alinitazama kidonda cha kichwani, akaniambia kwa upole nikapumzike.

Filomena sikumlaumu kwa kunyamaza. Aliulizwa, akasema ni nguruwe.

Mazikoni, Mzee Nathanaeli alikuja akitembea wima. Koti lake lilikuwa safi. Watu wakampisha, kila aliye mdogo wake akamwamkia, na zamu yangu ikafika. Huku kwetu hakuna namna ya kumruka mzee mbele za watu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Alipotabasamu meno yake yalikuwa yote, meupe na mapya. "Kijana wetu anaendeleaje?"

Nilitaka kumrukia tena, pale pale, mbele ya sanda. Nikasema anaendelea vizuri.

Na ni kweli. Paja limeunga. Anachechemea, pikipiki hawezi tena, anakaa nami kibandani ananichanganyia rangi. Nilimweleza yote siku alipoweza kukaa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Ungejua kwamba nikipona atashuka kwa Athumani, ungenipa ile rangi?"

Sikufikiri. "Ningekupa."

Tangu siku hiyo ananijibu kwa ndiyo na hapana. Alisema atamtafuta Mwanaidi amwambie ukweli wote, atake asitake. Sikumzuia.

Kabla Alen hajaenda, Mwanaidi alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa nguo za eda, amesindikizwa na mama yake, amebeba ubao wa mkangazi uliopigwa randa vizuri. Alitaka niandike jina la mumewe, kibao cha kusimika kaburini, kwa sababu ameona kazi zangu mjini na hakuna mwenye mkono kama wangu. Nikauchukua ule ubao. Alikuwa ameshaandika jina kwenye karatasi, herufi kubwa, asije akakosewa.

Alen alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Akatoka. Nikamwona amefungua mdomo, na nikaona kwamba atasema, kwamba yote yanakuja sasa hivi, na nilikuwa tayari.

Mwanaidi akamshika mikono yote miwili kabla hajatoa neno.

"Alikuwa anakula," alimwambia. "Aliposikia yowe, hata hakunawa. Alisema, ni yule kijana wa pikipiki na dada yake. Alikufa akija kwenu, na wewe upo. Namshukuru Mungu kwamba upo. Ningempoteza bure."

Alen akafunga mdomo. Machozi yalimtoka, akasema pole, dada, na Mwanaidi ndiye aliyembembeleza, akimpigapiga mgongoni mpaka akatulia. Mimi nikauweka ubao mezani, nikachora mistari ya penseli, nikaandika. Athumani. Nilitumia rangi nyeusi. Herufi zilitoka nzuri sana, na Mwanaidi alipoziona akasema hongera.

Alen halali. Namsikia usiku akijigeuza, akiinuka, akitembea na ule mguu wake mpaka alfajiri. Mimi nalala fofofo. Naweka kichwa, naamka asubuhi, sioti kitu. Hilo ndilo linaloniogopesha.